Bendera za Dola Zilizopita na Dhima ya Mwenye Kuzitundika

Katika baraza letu la darsa hapa Nairobi liliulizwa suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, walakini kila lilipozungumzwa lilizidi kuwa kubwa. Muulizaji ni mtu wa Pwani mwenye nyumba yake katika vitongoji vya magharibi ya mji huu. Suala lake ni hili: Je, yafaa Mwislamu kununua nakala ya bendera ya dola iliyokwisha, kama vile bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja iliyokuwa ikipepea Ngomeni Mombasa, akaitundika ukumbini mwake, au akaiweka pamoja na nyinginezo kama mwengine anavyokusanya stempu na sarafu? Na akiitundika, ana dhima gani kwa jirani yake, na kwa watoto wake, na kwa Mola wake?

Bendera hizi siku hizi si adimu. Zashonwa kwa nailoni na poliesta. Upande unaopigwa na upepo hukunjwa pindo na kupigwa mshono mara mbili au zaidi. Upande wa mlingoti hutiwa pete za shaba za kupitishia kamba. Na rangi zake hutengenezwa zistahimili jua na mvua. Mwenye simu mkononi aweza kuagiza bendera ya dola yoyote aitakayo, iwe ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, au ya Koloni ya Kenya, au ya Unguja. Zimekuwa bidhaa, na kila kilicho bidhaa kina adabu zake za kuuza, kununua na kutumia.

Watu wa baraza waligawanyika. Kundi la kwanza lilisema kwamba haya ni upuuzi, na huenda yakawa mabaya kuliko upuuzi: kukitukuza kitambaa ni mlango wa kukiabudu, na kujifaharisha kwa dola za mababu ni asabiya, ambayo dini yetu imeikemea. Kundi la pili lilisema kwamba bendera ya dola iliyokufa ni pambo tu, kama saa ya ukutani au sinia la shaba, wala hapana la kuulizwa juu yake. Sisi si mamufti, wala hatudai kutoa fatwa. Lakini twaona kwamba kila kundi limeshika nusu ya haki, na nusu ya haki ikisimama peke yake aghalabu humpoteza mtu.

Tuanze na kundi la kwanza. Kuheshimu si kuabudu. Katika vita vya Muta, mwaka 8 wa Hijra, bendera ya Waislamu ilishikwa na Zaid bin Haritha. Alipouawa ikashikwa na Jaafar bin Abi Talib. Naye alipouawa ikashikwa na Abdalla bin Rawaha. Na baada ya kuuawa kwake ikashikwa na Khalid bin Walid, akalirudisha jeshi. Hapana awezaye kusema kwamba watu hawa walikiabudu kitambaa. Waliishika kwa kuwa kitambaa kile kilikuwa kikisema neno moja ambalo kila askari aliliona katika vumbi la vita: kwamba jeshi bado lipo na halijatawanyika. Basi bendera ni usemi. Na usemi hauwi haramu kwa kuwa ni usemi. Huwa haramu au halali kwa kile unachokisema.

Ama kundi la pili, wenye kudai kwamba bendera ni pambo tu, hao wamesahau habari za pwani yao wenyewe. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia mkataba na Kampuni ya Kijerumani, akaipa uendeshaji wa pwani ya Mrima kwa jina lake. Watumishi wa Kampuni walipofika mijini walishikilia kutweka bendera yao kando ya bendera ya Sultani. Pangani, liwali alikataa. Wajerumani wakalazimisha, na kutokana na ugomvi huo na mengine yaliyoandamana nao vikazuka vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa hapo hapo Pangani katika Desemba 1889. Watu wa Pangani hawakuwa wajinga hata wagombane kwa ajili ya dhiraa chache za nguo. Walijua kwamba nguo ile ilikuwa ikiwaambia ni nani atakayewahukumu kesho.

Na Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walimwamuru Seyyid Khalid bin Barghash ateremshe bendera yake na kutoka katika jumba la kifalme kabla ya saa tatu asubuhi. Alipokataa, manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga. Mapigano hayakufika hata saa moja. Yalikoma bendera ya Sultani ilipoangushwa, na kwa upande wa jumba watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Seyyid Khalid alikimbilia kwa balozi mdogo wa Kijerumani, na baada ya miaka mingi ya uhamisho alikuja kufia Mombasa mwaka 1927. Nani baada ya haya atasema kwamba bendera ni kama saa ya ukutani? Saa ya ukutani haijapata kuangushwa kwa mizinga.

Basi suala si kama bendera ina maana au haina. Suala ni hili: dola ikifa, maana ile inakwenda wapi?

Mtu akitembea Kileleshwa, Lavington au Westlands, huona nyumba za mabalozi zimetweka bendera za nchi zao. Haki hiyo imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaohusu mabalozi. Kila bendera katika hizo ina mwenyewe. Ukitaka kujua maana yake, ipo serikali nyuma yake itakayokujibu. Na ikitukanwa, ipo serikali itakayolalamika. Vivyo hivyo bendera ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeieleza, na ambayo ina sheria mahususi ya kuilinda. Bendera zilizo hai hivi ni amri, na amri hubebwa na mwenye kuamrisha.

Lakini dola ikifa, bendera yake hubaki yatima. Haina waziri wa kuifasiri, wala askari wa kuilinda, wala hakimu wa kumwadhibu aliyeidharau. Huacha kuwa amri, ikawa ushahidi. Yaani, huwa ni neno linalosemwa juu ya mambo yaliyopita. Na ushahidi hauwi bila ya shahidi. Shahidi ni nani? Hakika ni yule aliyeitundika.

Mfano ulio wazi zaidi ni hiyo bendera nyekundu yenyewe. Haina nyota, wala mwezi, wala maandishi. Ni nyekundu tupu. Tena wekundu huo haukuwa wa Unguja peke yake. Maskati nayo ilitweka bendera nyekundu mpaka mwaka 1970, Sultani Qaboos alipoiongezea nyeupe na kijani, na nembo ya jambia na panga. Sasa mtu akienda Mtaa wa Biashara, katikati ya mji huu, akakatiwa dhiraa mbili za kitambaa chekundu, je, amenunua bendera ya Unguja, au bendera ya Maskati, au nguo ya kushonea foronya? Kitambaa hakina jibu. Kitakuwa bendera ya Sultani wa Unguja siku ile yeye mwenyewe atakapokitundika na kumwambia mgeni wake, “Hii ndiyo iliyokuwa ikipepea kwetu.” Neno hilo ni lake, na hesabu ya neno hilo ni yake.

Ikiwa mwenye kutundika bendera ya zamani ni shahidi, basi yampasa masharti ya mashahidi, nasi twayataja manne.

Sharti la kwanza ni ukweli juu ya kitu chenyewe. Nakala iitwe nakala. Hapana aibu katika nakala. Bali nakala njema ina manufaa makubwa. Nguo za kale huharibiwa na mwanga, na kilichopauka hakirudi. Kwa hiyo majumba ya makumbusho huziweka bendera za asili mahali pa giza, na zikioneshwa huoneshwa kwa taa hafifu mno. Nakala ya nailoni huichukulia asili jua. Yaweza kutundikwa darasani, watoto wakaishika kwa mikono yao, na mvua ikainyeshea, wala historia isipoteze kitu. Huo ni utumishi mwema.

Ubaya ni pale nakala inapovishwa umri usio wake. Wako wafanyao biashara ya kuchovya kitambaa kipya katika chai au kahawa, wakakikunjakunja na kukitoboa, kisha wakamwambia mnunuzi kwamba kimetoka katika sanduku la babu. Yatosha kuwakumbusha wafanyabiashara kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, akaona umajimaji uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali kwa kuwaficha watu. Bendera iliyochovywa chai ni nafaka ile ile. Na mnunuzi naye asiache akili yake nyumbani. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na poliesta Uingereza mwaka 1941. Basi mwenye kukuuzia bendera ya nailoni akasema ni ya mwaka 1896 amekudanganya. Chomoa uzi mmoja katika pindo uuchome: pamba huungua ikaacha jivu jepesi lenye harufu kama ya karatasi, na nailoni huyeyuka ikaganda mfano wa shanga ngumu. Walakini jivu la pamba si dalili ya ukale, kwani pamba mpya nayo huungua vivyo hivyo.

Sharti la pili ni ukweli juu ya nyakati. Wengi huitundika bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, wakasema kwamba hiyo ndiyo bendera ya masultani wa Unguja tangu kale. Sivyo. Hiyo ilitwekwa Unguja ilipopata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, na ikateremshwa kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Maisha yake yote yalikuwa siku 33. Sultani Jamshid bin Abdalla, aliyetawala chini yake, aliishi baada yake miaka 60 na kufariki Oman mwaka 2024.

Na juu ya pwani ya Kenya, mambo yahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo maneno mengi husemwa bila ya mizani. Kwa mapatano ya mwaka 1895, ukanda wa maili kumi ulitawaliwa na Waingereza kwa niaba ya Sultani, nao wakamlipa kila mwaka. Mwaka 1920 bara ilipofanywa Koloni, ukanda ule ukaitwa Himaya, na bendera nyekundu ikaendelea kupepea Ngomeni kuonesha kwamba enzi ya asili ni ya Sultani. Katika Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, walibadilishana barua, na kwa mapatano ya mwezi huo enzi ya Sultani ikaondoka na ukanda ukawa sehemu ya Kenya, kwa ahadi ya kuhifadhi dini ya Waislamu na Mahakama za Kadhi. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya ikapandishwa Nairobi, mahali paitwapo leo Uhuru Gardens, na mji wa Mombasa ukaingia chini yake pamoja na miji mingine.

Asemaye kwamba bendera nyekundu ya Ngomeni haikuwa na maana yoyote, huyo hajui kwa nini mapatano ya 1963 yalihitajiwa, wala kwa nini Mahakama za Kadhi zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya leo. Na asemaye kwamba bendera ile ilikuwa dalili ya Pwani yenye dola yake na uhuru wake, huyo naye ameupita ukweli. Kwani kwa miaka karibu 70 ilipepea juu ya ngome, na Waingereza ndio waliokuwa wakitawala chini yake, hata ngome yenyewe wakaifanya jela. Bendera moja, na ushahidi wa nusu kutoka pande mbili.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kusema ukweli wote. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametuamuru tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Ndugu zangu watu wa miji ya Pwani, amri hii haikushuka kwa ajili ya wengine peke yao.

Chini ya bendera nyekundu walikuwapo makadhi na wanavyuoni ambao elimu yao twaitumia hata leo. Seyyid Barghash alileta maji ya mfereji katika mji wa Unguja na mtambo wa kupiga chapa vitabu. Haya ni kweli, na mwenye kuyataja hana lawama. Lakini chini ya bendera hiyo hiyo watu walinadiwa sokoni kama mifugo, mpaka soko la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliendelea Unguja hata amri ya mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Mashamba ya Malindi yaliyojaza majahazi nafaka yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Na waliowamiliki si masultani tu. Walikuwamo wenye majina ambayo tungali twayaita kwa fahari katika harusi zetu. Mtu akiitundika bendera ile na kuwaeleza wanawe habari za karafuu na makadhi na majahazi, akanyamaza juu ya soko, hakusema uongo hata neno moja. Na juu ya hayo amekuwa shahidi wa uongo, kwa kuwa kuficha nusu ya ushahidi ni kuuharibu wote.

Na mizani hiyo hiyo yapasa kutumiwa kwa bendera za wengine. Iko bendera ya Koloni ya Kenya, ya buluu, yenye bendera ya Kiingereza pembeni na simba mwekundu. Hiyo nayo huuzwa kuwa kumbukumbu ya zamani ya mandhari nzuri na chai ya alasiri. Lakini mtu akiitundika katika nyumba ya Lavington au Kileleshwa, na akumbuke imesimama wapi nyumba hiyo. Siku za simba yule mwekundu vitongoji hivi vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika alilala huko akiwa mtumishi katika kijumba cha nyuma, na alipotoka alikuwa na kipande chake, amri ya kipande ikiwa imetungwa mwaka 1915. Leo mwenye nyumba ni Mwafrika au Mhindi au Mwarabu, naye anunua simba yule kupendezesha sebule. Hatumkatazi. Twamwambia tu kwamba ukuta wenyewe una ushahidi wake, na asiuzibe mdomo kwa nguo nzuri.

Sharti la nne ni kuangalia matokeo. Neno la kweli likisemwa mahali pasipopasa laweza kuwasha moto. Katika miaka ya kabla ya 1963 kulikuwa na siasa ya Mwambao, na watu wa Pwani walitengana, ndugu na ndugu, juu ya bendera hii. Nusu karne baadaye ukavuma msemo wa “Pwani si Kenya”. Chama kilichoupigania kilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Twaamini kwamba yako malalamiko ya haki Pwani, ya ardhi na ya kazi, na mwenye malalamiko ya haki anayo haki ya kuyasema kwa ulimi wake. Lakini kuitweka bendera ya Sultani juu ya paa ili kumchokoza jirani hakumpatii maskini wa Kisauni kiwanja. Humpatia adui wa haki yake kisingizio cha kumwita mhaini.

Tena mwenye kuitundika akumbuke kwamba macho hayaoni kitu kimoja. Yuko mzee aliyekimbia Unguja mwaka 1964 akiwa mtoto, na jamaa zake wakauawa. Kwake karafuu zile mbili juu ya nguo nyekundu ni matanga. Na yuko jirani ambaye bibi ya bibi yake alipitishwa katika soko lile. Kwake wekundu huo ni damu. Wote wawili ni wakweli. Mwenye ukumbi yampasa awe na pahala pa wote wawili katika maelezo yake.

Hapa mtu atasema, “Ikiwa mna masharti yote haya, si bora tuache kabisa, tusahau, tuishi kwa amani?” Neno hili linapendeza sikioni, lakini halina kweli. Kusahau si amani. Kusahau ni kuwaachia waongo uwanja. Watoto wetu wasipoambiwa nyumbani maana ya bendera ile, wataambiwa na mtu wa kwanza mwenye haja ya hasira zao.

Wapo waliotutangulia katika njia bora. Joseph Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na kisha Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alitumia mali na umri wake kukusanya vitabu, nyaraka, nguo na kazi za mikono za Afrika, kwa kuona kwamba nchi isiyohifadhi vitu vyake itasimuliwa na wageni. Sehemu ya mkusanyo wake imo leo katika Jumba la Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi, jengo lililokuwa benki zamani. Na sehemu nyingine imo katika Nairobi Gallery, iliyokuwa ofisi ya serikali ya kikoloni iliyojengwa mwaka 1913. Yeyote aweza kuingia akatazama. Hiyo ndiyo tofauti ya kukusanya kwa elimu na kukusanya kwa majivuno: mwenye elimu huweka vitu ili aulizwe juu yake, na mwenye majivuno huviweka ili asifiwe kwavyo.

Limebaki jambo moja, nalo latoka katika huko kudumu kunakosifiwa na wauzaji. Huandika kwamba bendera zao hazipauki. Na ni ajabu kuona bendera iliyoishi siku 33 ikishonwa leo kwa uzi utakaoishi miaka. Nguo imeishinda dola. Bendera nyekundu za zamani zilikuwa zikipauka juani na kuraruka kwa kusi na kaskazi, zikabadilishwa, na kila ilipopandishwa mpya watu walidhani kwamba dola ndiyo inayodumu na nguo ndiyo inayopita. Ikawa kinyume. Wareno walitweka yao Mombasa, wakaondolewa mwaka 1698. Mazrui wakatawala mpaka mwaka 1837. Waingereza walitweka yao mwaka 1824 kwa ombi la hao Mazrui, wakaiteremsha mwaka 1826, kisha wakarudi mwishoni mwa karne ile na kuondoka mwaka 1963. Mlingoti mmoja umebeba wote hao. Ufalme ni wa Mwenyezi Mungu. Humpa amtakaye, na humwondolea amtakaye. Mwenye kuitazama bendera isiyopauka ya dola iliyokwisha, akatoka na fikira hii, amepata faida ambayo muuzaji hakuitoza bei.

Basi jawabu letu kwa ndugu aliyeuliza ni hili. Nunua ukitaka, lakini nunua nakala kwa jina la nakala, kwa bei ya nakala. Itundike ndani, mahali pa kusomwa, si nje mahali pa kushindana. Na chini yake weka karatasi, uandike kwa mkono wako: hii ni bendera ya dola fulani, ilitwekwa mwaka fulani, ikateremshwa mwaka fulani, chini yake yalifanywa mema haya, na chini yake yalifanywa maovu haya. Andika yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja.

Kisha ujipime kwa kipimo hiki, kwani hatujaona kilicho sawa kuliko hicho. Mwalike jirani yako ambaye wazee wake waliumizwa chini ya bendera hiyo, aje asome ulichoandika mbele yako. Ukiweza kusimama naye pale bila ya kuinamisha uso wala kupandisha mabega, ushahidi wako umekamilika, na bendera yako ni halali kukaa ukutani. Na ukiwa huwezi kuiandika karatasi hiyo, au umeiandika na hutaki aisome, basi ikunje uirejeshe sandukuni mpaka utakapoweza.

Wabillahi tawfiq.